Amenirudishia suti yangu ya kuzamia mbichi, imefungwa kwenye mfuko, halafu anasema "si mpira tu huo?"

Pezi_la_Kushoto:
Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Simtaji. Mnamjua. Yule yule ambaye kila safari amesahau ya kwake, yule anayefika botini wa mwisho na kutaka kukaa kivulini wa kwanza.

Haijapita nusu saa. Kaja mlangoni na mfuko wa plastiki mweusi, umepigwa mafundo mawili. Nikamuuliza, hii nini? "Suti yako." Nikafungua. Jamani. Ule uvundo haukutoka polepole, uliruka ukanishika koo. Paka kahama nyumba, mpaka sasa hajarudi. Jirani nimemsikia anafunga dirisha, halafu la pili, halafu na mlango. Humo ndani suti yangu ya milimita 5 imeviringishwa kama mkeka, mbichi, maji ya bahari ya ile safari bado yanachuruzika kwenye mikono. Siku 11! Siku 11 kwenye buti la gari, chini ya tairi la akiba, gari lenyewe linashinda juani. Nikamwangalia. Naye akaniangalia. Akasema:

"Sasa unalia nini, si mpira tu huo?"

SI MPIRA TU HUO.

Wakuu, ile ni neopreni. Ni sponji yenye viputo vidogo vidogo vya gesi, kila kimoja kimejifunga peke yake, na hivyo viputo ndivyo vinavyokukinga na baridi ya maji. Mwanafizikia wa Marekani, Hugh Bradner, mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikaa akalifikiria jambo hili, akaona si lazima mtu awe mkavu ndipo apate joto, kwa sababu joto linatunzwa na gesi iliyomo kwenye kitambaa. Halafu mtu anakuja kugandamiza viputo vyangu na tairi! Mkunjo upo, unapita kifuani kutoka kwapa hadi kwapa. Nimeubana kwa vidole viwili: pembeni yake pananesa, penyewe pamekuwa pembamba kama karatasi. Hapo maji baridi yatakuwa yananisalimia kila nikishuka.

Na nilimwandikia maelekezo. KWENYE KARATASI. Isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, igeuze ndani nje, ianike kivulini penye upepo, ndani ikikauka ugeuze na nje. Hiyo karatasi nimeikuta humo humo mfukoni, imekuwa uji.

Si mpira tu huo. Mlangoni kwangu. Bila hata kuvua kofia.

Kiputo_Kimoja:
Pole sana mkuu, ila hapo kwa paka nimecheka nikakohoa. Namjua huyo. Mimi alinirudishia miwani ya kuzamia ina mchanga ndani. NDANI. Sijui aliivalia wapi.

Mkaa_Kina:
Wa kulaumiwa ni wewe. Hii ni mara ya tatu unamwazima, na mara ya tatu unakuja kutulilia hapa.

Pezi_la_Kushoto:
Ni mara ya pili! Na hoja siyo hiyo. Hoja ni kwamba alisimama mlangoni kwangu, suti inachuruzika kwenye miguu yangu, akasema si mpira tu huo.

Mama_Mikondo:
Nyie mnalilia uvundo? Uvundo unatoka. Mume wangu aliichukua yangu mpya akaitia kwenye mashine ya kukaushia nguo, joto la mwisho kabisa. Ilitoka imejikunja kama jani kavu, gundi ya mishono imeachia, goti moja fupi kuliko jingine. Akanikabidhi anatabasamu: "Nimekusaidia." Mimi hata kulia nilishindwa.

Nanga_Nzito:
Mama Mikondo, wewe umeshinda uzi. Lakini nisikilizeni na mimi. Nyumbani kwetu kuna mtu anatundika suti mbichi ya milimita 7 kwenye henga ya waya. Ile kitu ikiwa na maji ni nzito kama mtu aliyezimia! Uzito wote unaning'inia kwenye uzi wa waya. Sasa mabega ya suti yamechomoza pembe mbili, nikivaa nafanana na ng'ombe. Nimesema mpaka nimechoka: ikunje kiunoni, ilaze juu ya bomba nene, nusu huku nusu kule, maji yachuruzike. Ikishakauka ndiyo utundike, tena kwenye henga yenye mabega mapana. Kesho yake naikuta kwenye waya.

Bwana_Kamba:
Mnakuza mambo. Mimi miaka yote naanika juani, juani kabisa saa sita mchana, inakauka upesi, sijaona tatizo.

Kiputo_Kimoja:
Wakuu, tumempata. Ndiye huyu!

Mkaa_Kina:
Mkuu Pezi, mwenyewe kajileta. Uliza habari za tairi la akiba.

Bwana_Kamba:
Siyo mimi, mimi nina gari gani?

Nanga_Nzito:
Bwana Kamba, fanya hivi. Chukua hiyo suti sasa hivi, ikunje pale kwenye goti, uisogeze kwenye taa. Unaona nini?

Bwana_Kamba:
Kuna vimistari.

Nanga_Nzito:
Hizo ni nyufa, mkuu. Mionzi ya jua inaila neopreni kidogo kidogo, inakuwa ngumu, ule mnyumbuko unaondoka. Na bega lako lishapauka, usibishe.

Bwana_Kamba:
Limepauka kidogo tu.

Pezi_la_Kushoto:
Tafadhali turudi kwenye suti yangu. Nimeiloweka kwenye beseni, hii ni mara ya nne nabadilisha maji, bado yanatoka rangi ya kahawia. Shingoni kwa ndani kuna madoa meusi ya ukungu, nasugua kwa brashi laini na sabuni ya kuoshea suti, yanapungua ila hayaondoki. Zipu imeng'ang'ania nusu mgongo. Nimeitazama kwa tochi, katikati ya meno kumejaa chumvi nyeupe. Na mtu akathubutu kuniambia kwamba

Mkaa_Kina:
Si mpira tu huo. Tumesoma, mkuu.

Kina_Kifupi:
Usitie bleach kwenye hayo madoa! Na maji ya moto usijaribu. Zipu iloweke kwenye maji ya uvuguvugu chumvi iyeyuke, usiilazimishe, ikishafunguka ipake nta. Ila niulize jambo. Una uhakika ni maji ya bahari tu yaliyokuwa humo?

Kiputo_Kimoja:
Hapana. Hapana. Msianze.

Kina_Kifupi:
Naanza. Kuna watu wanakojoa ndani ya suti za kuazima, na watu hao wamo humu humu.

Mama_Mikondo:
Ya kwako mwenyewe ni shauri lako, ilimradi uisuuze siku hiyo hiyo. Ya mwenzio ni uhayawani.

Mkaa_Kina:
Kila mtu anakojoa. Anayekataa ni mwongo.

Nanga_Nzito:
Mimi sijawahi hata siku moja.

Mkaa_Kina:
Ng'ombe mwenye pembe mbili kasema.

Bwana_Kamba:
Maji yakiwa ya baridi mwili wenyewe unalazimisha. Damu inakimbilia katikati, figo zinafanya kazi zaidi, utajizuia mpaka lini?

Nanga_Nzito:
Kwa hiyo unaanika suti yenye mkojo juani saa sita mchana. Sasa naelewa kwa nini hutaki kutuonyesha picha.

Pezi_la_Kushoto:
UZI HUU NI WA SUTI YANGU. Siku 11. Mafundo mawili. Halafu huyo mtu kanitumia ujumbe sasa hivi anauliza kama Jumamosi ninayo ya ziada.

Mama_Mikondo:
Usimpe!!!

Kiputo_Kimoja:
Atampa.

Mgeni_wa_Maji:
Samahani wakubwa zangu, mimi ni mgeni. Viatu vya neopreni vinakaushwaje? Vyangu nimevisimamisha siku ya tatu leo, juu vimekauka ila vidoleni bado majimaji.

Nanga_Nzito:
Karibu. Usivisimamishe, vipindue kichwa chini, kidole kielekee juu, maji yatoke mdomoni. Tia magazeti ndani, yakilowa toa utie mengine.

Mgeni_wa_Maji:
Ahsante sana. Na glavu?

Kina_Kifupi:
Glavu ni hadithi nyingine. Geuza ndani nje, ila vidole havitageuka vyote, na hapo ndipo nilipogombana na shemeji yangu. Ngoja niwasimulie.