Naomba ushauri: wanachuo wangu wanaijua kemia, ila darasani wananakilisha tu

Walimu wenzangu, hamjambo. Nawasomesha wanachuo wa ualimu wa kemia na hisabati hapa Kisumu. Muhula ujao wanaenda mazoezi ya kufundisha katika shule za Ahero, Muhoroni na Nyakach.

Mwanachuo anasawazisha mlinganyo wa kemikali bila kusita, lakini mbele ya darasa anajaza ubao na watoto wananakili. Ukimuuliza, anasema shule haina maabara. Siridhiki na jibu hilo. Petali nyekundu za haibiskasi zikipondwa kwenye maji moto hutoa rangi inayozidi kuwa nyekundu ukitia ndimu, na kugeuka kijani ukitia maji ya majivu. Somo la asidi na besi ndilo hilo, na maua yenyewe yamejaa kwenye nyua za shule! Mradi wa SMASSE wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za sekondari, ulioanza 1998 kwa msaada wa Japani, ulihimiza ubunifu wa aina hii, ila ulilenga walimu walio kazini. Wangu bado wako chuoni, na Gredi ya 10 inawangoja na mkondo wake wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati).

Mnaosimamia wanachuo katika vyuo vikuu vya Maseno, Egerton au Masinde Muliro, mnawafanyisha nini kabla hawajatoka? Niwapeleke shuleni mapema, hata siku moja kwa wiki? Nanyi mnaowapokea, ni kitu gani mnakikosa kwao?

Hisabati ndiyo inanikwaza zaidi. Uwezekano naufundisha kwa vizibo vya soda, lakini logi (logarithm) sijapata njia ya kuzishikisha mikononi. Aliyefaulu anieleze, tafadhali.