Re: Barua ya ofisi ya jimbo, keki ya harusi (NISAIDIENI)

Bi Maryam, Saint Paul, Minnesota:
Assalam alaykum, na salamu kwa wote. Jana nimepata barua ya ofisi ya jimbo, ina namba ya kesi. Mnajua nauza keki kutoka nyumbani, kampuni ndogo iliyosajiliwa (LLC) ninayo. Mwezi uliopita mteja alituma advansi kwa Zelle, ile ya kutumiana pesa kwa simu, halafu akaleta majina ya kuandika juu ya keki: maharusi wote wanaume. Nikamrudishia pesa yake yote na ujumbe, "Samahani kaka, dini yangu hainiruhusu." Sasa natakiwa kutoa maelezo kabla ya Alhamisi. Swali langu moja tu: N-400 yangu, fomu ya kuomba uraia wa Marekani, iko njiani. Hii kesi niitaje kwenye usaili au ninyamaze?

Kibe:
Usitishike. Yule mpishi wa keki wa Colorado, aliyekataa kuwapikia wanaume wawili keki ya harusi, alishinda Mahakama ya Juu ya Marekani 2018, kura 7 kwa 2. Imeisha hiyo.

Mzee Athmani:
Haijaisha, mwanangu. Soma kabla hujaandika. Alishinda kwa kuwa tume ya jimbo ilionyesha kuidharau dini yake. Hawakusema kila mwenye duka afukuze amtakaye. Kesi ya 2023, ya mbunifu wa tovuti asiyetaka kutengeneza za harusi za jinsia moja, kura 6 kwa 3, ilihusu kulazimishwa kutunga ujumbe usiouamini. Majina mawili juu ya keki ni ujumbe? Hapo ndipo mawakili watakapokula. Bi Maryam, nguruwe humpikii yeyote, basi hakuna wa kukulazimisha. Lakini keki unawapikia wote isipokuwa huyu, na jimbo letu limewaweka wapenzi wa jinsia moja kwenye sheria ya kuzuia ubaguzi tangu 1993.

Mimi nilikuwa naendesha teksi ya uwanja wa ndege Minneapolis 2007, wakuu wa uwanja walipopitisha kwamba ukikataa abiria mwenye pombe unakaa nje siku 30, ukirudia miaka 2. Nikabeba. Chupa zinagongana kwenye buti kila nikikata kona, nami astaghfirullah mpaka Edina, kitongoji cha Minneapolis.

Wanjiru:
Ungesema tu siku hiyo umejaa, dada. Kuandika kulikuwa kwa nini?

Kibe:
Kwa hiyo uongo sasa ruksa?

Zainabu:
Mnisamehe, mie niko na yule mteja. Tulikuwa safarini na watoto, theluji, saa 4 usiku. Taa ya "vyumba vipo" inawaka, mwenye moteli anautazama mtandio wangu, anasema pamejaa. Tulilala garini kwenye kituo cha mafuta, mwanangu wa mwisho kavaa soksi zangu mikononi. Dini na rangi zimo kwenye sheria ya Marekani ya 1964 ya kuzuia ubaguzi, lakini yule naye angekwambia ana msimamo wake.

Kibe:
Kwetu hakuna haya. Duka la mtu ni lake.

Zainabu:
Kwetu wapi? 2015 ile hoteli ya Wachina Nairobi, Waafrika marufuku baada ya saa 11 jioni, nani alipiga kelele kutushinda? Na wakaifunga kwa mambo ya leseni! Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 27, imekataza hata mtu binafsi kubagua. Isome.

Kibe:
Katiba inaliwa? Kura yetu ya ughaibuni yenyewe tunaipigia wapi?

Wanjiru:
Msianze siasa. Mmenikumbusha Nairobi, mvua ya jioni, mahindi ya kuchoma na ndimu ya pilipili. Nalia kazini.

Bi Maryam:
Jamani, Alhamisi ni keshokutwa. N-400?

Wanjiru:
Pole, dada. Mahamri ya Jumamosi lakini yapo? Niwekee dazeni 2.