Mrejesho: jiko nimelikarabati mwenyewe

Wakuu, niliuliza kama asiye fundi anaweza kumwaga kaunta ya zege na kubandika vigae mwenyewe. Inawezekana. Mliosema nisiharakie kutoa mbao za chini zinazobeba zege hadi likauke, asanteni sana. Nilimwagia zege maji asubuhi na jioni wiki nzima, na sijaona ufa.

Shughuli ilikuwa ukutani. Plasta ilikuwa na rangi ya mafuta, na gundi ya vigae haishiki hapo. Nikaidonoa yote kwa patasi na nyundo, vumbi hadi kwenye kope, ndipo vigae vikashika. Bomba la sinki nimemwachia fundi, sitaki ugomvi na maji. Mama watoto anasema kaunta ya sentimita 90 iko juu. Mimi naiona sawa. Bado grauti tu, ile ya kujaza nafasi kati ya vigae.