P440ar na diski 8 za SAS: volyumu moja au mbili?

kebo_fupi:
Habari wakuu. Nina DL380 Gen9 (seva ya HPE) yenye kontrola ya P440ar (kadi inayosimamia diski) na diski 8 za SAS za TB 1.2, 10K (mizunguko 10,000 kwa dakika). Nimeziweka zote RAID 6 (diski zinaunganishwa, mbili zikifa data inabaki), volyumu moja, yaani Windows inaona diski moja kubwa. Nikisakinisha Windows Server 2019 kwa Legacy BIOS (njia ya zamani ya kuwasha seva), kila kinachozidi GB 2,048 hakitumiki. Pili, SQL Server inaandika kwa kusuasua. Nicheze na patisheni tu au nivunje nianze upya?

rafu_ya_chini:
Vunja. Patisheni haitakusaidia: Legacy huwasha kwenye diski ya MBR (mpangilio wa zamani wa jedwali la patisheni), na MBR inakomea TB 2. Kata volyumu mbili kwenye kundi lilelile la diski, Windows itaziona kama diski mbili tofauti.

Nakili data nje kwanza. Kisha washa seva, bonyeza F10, ingia Smart Storage Administrator, futa array A (ndilo kundi lako la diski). Kwa amri ni hivi:

`ssacli ctrl slot=0 create type=ld drives=allunassigned raid=1+0 size=204800`
`ssacli ctrl slot=0 array A create type=ld raid=1+0`

Ya kwanza ni GB 200 za mfumo (size inahesabiwa kwa MB), ya pili inamaliza nafasi iliyobaki. Weka ile ndogo kuwa ya kuwashia. Kubwa iwe GPT (mpangilio mpya usio na kikomo hicho cha TB 2), uifomati NTFS kwa klasta za KB 64. Hapo Legacy haikusumbui tena, ingawa mimi ningehamia UEFI (mrithi wa Legacy BIOS) kabisa.

Kuhusu kasi: kwenye RAID 6 andiko moja dogo huzaa kazi sita za diski, kusoma tatu na kuandika tatu, kwa sababu ya pariti mbili (data ya ziada ya kurejesha diski iliyokufa). RAID 1+0, inayoandika kila kitu kwenye diski mbili pacha, huzaa mbili. Diski ya 10K hutoa kama IOPS 140 (kazi za kusoma au kuandika kwa sekunde), kwa hiyo nane ni 1,120. Gawa kwa 6 upate 186, gawa kwa 2 upate 560. Gharama yake ni nafasi: unashuka kutoka TB 7.2 hadi 4.8.

spea_mkononi:
Naafiki, ila kwa 1+0 ya diski zote nane hutabakiwa na spea (diski ya akiba) ndani ya seva. Nunua moja ikae kabatini. Na kama ni za mtumba, angalia kabla ya kufuta chochote: diski iliyotoka kwenye Smart Array nyingine huja na usanidi wake wa zamani, kwa hiyo haihesabiki kwenye `allunassigned` (diski zisizo kwenye array yoyote). Ukifuta array isiyo yenyewe, volyumu zake zote zimeondoka.

mzee_wa_kache:
Mmerukia RAID kabla ya kuuliza kache (kumbukumbu ya haraka ya kontrola inayopokea maandiko kabla ya diski). Endesha `ssacli ctrl slot=0 show`, tuambie mistari ya Cache na Battery inasemaje.

kebo_fupi:
Battery/Capacitor Count: 0

mzee_wa_kache:
Ndiyo hiyo. Bila betri, kontrola huzima kache ya kuandika, hata 1+0 itakuwa nzito. Usidanganyike na `nbwc=enable` (kulazimisha kache iwake bila betri); umeme ukikatika, kilichokuwa kwenye kache kimepotea na hifadhidata yako inaharibika. Tafuta Smart Storage Battery ya W 96. Kwenye Gen9 ni betri ya seva nzima, usiisake juu ya kadi. Ukishaipachika subiri ijae chaji, kache haiwaki papo hapo.