Kubadilisha jina la faili SIO kukonvati video! Leo nimedhalilishwa mbele ya watu na yule mnayemjua

Mzabibu_Mkavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika hapa mikono inatetemeka. Nimetoka kikaoni Mtumba, hapa Dodoma, sasa hivi, nipo kituoni nasubiri daladala ya mjini.

Simtaji. Mnamjua. Yule anayevaa kitambulisho shingoni mpaka msibani. Yule ambaye neno kompyuta likitajwa lazima akohoe kwanza, watu wanyamaze, ndipo aongee. Huyo huyo.

Leo mbele ya wakubwa amechukua faili langu la video, akabofya kulia, akafuta MOV mwishoni mwa jina, akaandika MP4 (hizo ni aina za faili la video). Basi. Akageuka akasema: "Tayari nimekonvati. Kijana, kazi ya sekunde mbili ndiyo ulikuwa unatuombea muda?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani.

Jina wakuu. Alibadilisha JINA! Kukonvati ni kuigeuza video yenyewe, ndani ya faili.

Zile ni video za kupogoa zabibu, ziwekwe kwenye tovuti ili wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na Mvumi wazione kwa simu zao. Zimepigwa kwa iPhone, na iPhone tangu iOS 11 ya mwaka 2017 inarekodi kwa H.265, namna mojawapo ya kubana video. Dakika moja ya ubora wa 1080p inakula karibu MB 60. Mkulima gani ana bando hilo? Na hata akiwa nalo, simu nyingi za bei ya chini zikikutana na H.265 kwenye kivinjari unasikia sauti tu, picha nyeusi tii. Unamsikia bwana shamba anasema "kata hapa". Hapa wapi?

Nikapewa kazi ya kupima programu za kukonvati, nichague moja. Nimeifanya kwa moyo wote. Nilichukua kipande kimoja, kilekile, nikakipitisha kwenye HandBrake na FFmpeg, zote za bure, na kwenye mbili za kulipia ambazo yeye ndiye anazipigia debe. Nilichagua kipande kigumu kuliko vyote: upepo wa Hombolo unatikisa majani ya mzabibu. Majani yakitikisika namna ile kila fremu ina mapya yake, na programu dhaifu inaumbuka palepale. Macho yangu yote yalikuwa kwenye jicho la tawi, pale mkulima anapotakiwa kukata juu yake. x264, ile inayobana video kuwa H.264 ya zamani, ina kipimo cha ubora kinaitwa CRF, 0 mpaka 51, namba ikipanda picha inashuka. Kwenye 23 jicho unaliona safi, na kovu la pembeni unaliona. Kwenye 30 limekuwa ukungu, mkulima atakata atakapojisikia. Kila faili nikalifungulia kwenye simu ya mlinzi wetu yenye kioo kilichopasuka, maana hiyo ndiyo simu ya watu. Nikapima ukubwa, muda wa kukonvati, sauti kama inaendana na mdomo. Yote nikapanga kwenye jedwali.

Jedwali hakuligusa. Alibofya kulia!

Na video ikacheza, ndicho kinachoniua. Aliifungua kwa VLC, programu ya kuchezea video, kwenye laptopu yake, na VLC haijali faili linaitwaje, inaangalia kilichomo. Liite faili Ubwabwa, litacheza. Ndani ni H.265 ileile, MB zilezile, haikupungua hata moja. Wakapiga makofi. MAKOFI! Wanampigia makofi mtu aliyeandika herufi!

Nikajaribu kusema HandBrake ni ya bure na inatosha. Akasema vya bure ni vya wanachuo. FFmpeg ipo tangu 2000, aliianzisha Mfaransa Fabrice Bellard, na programu nyingi za kulipia tumboni zimebeba FFmpeg hiyohiyo! Na ile programu yake ya kulipia, toleo la majaribio, imegonga chapa ya kampuni katikati ya picha, juu ya jicho la tawi lilelile.

Sekunde mbili. Kijana. Mwanangu wa kwanza yupo chuo, UDOM, mwaka wa pili halafu mimi kijana.

---

Karanga_za_Kibaigwa

Siti ya mbele. Nani ana maji ya kunywa?

Fundi_Nzuguni

Huyo bwana namjua kwa kitambulisho tu, umemaliza. Mwaka jana alikuja ofisini kwetu akasema kompyuta ina joto kwa sababu ina faili nyingi, tufute picha. Tukafuta. Joto likabaki, picha hatuna.

Bi_Mkubwa_Chamwino

Mkuu pole, ila nimesoma mara mbili. Kwa hiyo hasira yote hii ni MOV na MP4? Mimi nilidhani kakuchukulia mke.

Mzabibu_Mkavu

Bi Mkubwa heshima yako, lakini hukuwepo. Alibadilisha jina halafu AKANYOOSHA MIKONO pembeni kama mtu aliyefunga goli. Sijalisema hilo juu, nimelikumbuka sasa. Alinyoosha mikono!

Kodeki_Mpya

Na wewe mwanzisha uzi umechelewa. H.264 ni kitu cha 2003. Dunia ipo kwenye kodeki (namna ya kubana video) ya AV1 tangu 2018, haina mrabaha, faili ndogo zaidi kwa ubora uleule. Unapima programu kwa kodeki ya enzi za simu za kubonyeza?

Mzabibu_Mkavu

@Kodeki_Mpya njoo Hombolo na AV1 yako. iPhone kwenye kivinjari chake cha Safari haiichezi mpaka uwe na 15 Pro ya mwaka 2023 na kuendelea, maana inategemea chipu. Na laptopu ya ofisi ukiiwekea AV1 unaiacha usiku kucha, feni inalia mpaka mlinzi anakuja kuuliza kuna nini. H.264 inafunguka kila mahali, mpaka kwenye simu ya mlinzi huyohuyo. Natengenezea watu video waione, sishindani na Netflix.

Kodeki_Mpya

Povu. Weka faili mbili kwenye tovuti, AV1 na H.264, kivinjari kichague chenyewe.

Fundi_Nzuguni

Hapo ana pointi. Na mwanzisha uzi, ulitia tiki kile kiboksi cha wavuti kwenye HandBrake? Usipotia, faharasa ya MP4 (orodha ya nini kipo wapi ndani ya faili) inakaa mwisho wa faili na kivinjari kinahangaika kuitafuta kabla ya kuonyesha picha ya kwanza. Kwenye FFmpeg ni faststart. Watu wengi wanalaumu mtandao kumbe faharasa ipo mkiani.

Mzabibu_Mkavu

Nilitia! Ipo kwenye jedwali, safu ya nne! JEDWALI AMBALO HAKULIGUSA!

Mwenye_Swali

Mbukwenyi wakuu. Swali dogo. Kama jamaa anakonvati kwa sekunde mbili kwa kubadilisha jina, kwa nini anataka ofisi inunue programu ya kulipia?

Karanga_za_Kibaigwa

😂😂😂 funga uzi

Fundi_Nzuguni

Mwenye_Swali umeua. Mkuu hilo ndilo ungemuuliza palepale.

Mzabibu_Mkavu

Ningemuulizaje wakati watu wanapiga makofi? Mwenyekiti alikuwa anapangusa miwani!

Mtu_wa_Msaada

Acheni kumsema mtu hayupo. Yule mzee amesaidia wengi. Mashine ya kuchapa ya ofisi yetu aliitengeneza yeye.

Bi_Mkubwa_Chamwino

Aliitengeneza au aliibadilisha jina?

Mpenda_Harusi

Nyie mnalia na zabibu. Mimi nina video ya sendoff ya mdogo wangu, mpiga video mnamjua, yule wa maeneo ya Sabasaba mwenye stendi ya kamera iliyofungwa kwa kamba. Kanipa faili kubwa halifunguki kwenye simu ya mama, halafu jina la studio yake limekaa kwenye paji la uso la bibi harusi kuanzia keki mpaka kufungua zawadi. Mama anauliza mwanangu kaandikwa nini usoni.

Fundi_Nzuguni

Pitisha kwenye HandBrake, chagua ubora mdogo wa 720p, mama atafungua. Jina usoni halitoki, limeshachomwa kwenye picha.

Mpenda_Harusi

Kwa hiyo ndoa nzima ana nembo?

Bando_Limekata

Kabla hamjaendelea, nani ataangalia hizo video? Naweka bando asubuhi, nafungua video moja, saa nne nimeshapata meseji kwamba limebaki robo. Konvatini bei ya bando kwanza.

Karanga_za_Kibaigwa

Huyu apewe uzi wake.

Mpangaji_Ilazo

Mada ya video imenigusa. Dalali mmoja, mnamjua, yule wa pikipiki nyekundu, alinitumia video ya nyumba Ilazo. Sebule kwenye video ni kama uwanja wa Jamhuri, unaweza kucheza mechi na jukwaa likabaki. Nimefika, kochi likiingia mlango haufungi. Alipiga ile picha ya pembe pana halafu akainyoosha. Na hela ya kuonyeshwa nyumba kachukua.

Mzabibu_Mkavu

Hapo kuna mtu kaharibu uwiano wa picha wakati wa kukonvati, ni kosa la kawaida, hata hilo nililipima kwenye zile programu mbili. Jamani, turudi kwenye jina la faili.

Bi_Mkubwa_Chamwino

Mpangaji, kodi wanataka miezi mingapi huko Ilazo?

Mpangaji_Ilazo

Sita, na mwezi mmoja wa dalali. Kwa sebule ya kochi moja.

Bando_Limekata

Sita? Tangu serikali ihamie huku wenye nyumba wamekuwa mawaziri. Miaka ile Area C ulikuwa unapanga kwa kuongea tu vizuri.

Mtu_wa_Msaada

Nendeni Nkuhungu, bado kuna nafuu. Nina ndugu anapangisha vyumba viwili na jiko, miezi mitatu anapokea.

Mzabibu_Mkavu

Wakuu, alinyoosha MIKONO

Mpenda_Harusi

@Mtu_wa_Msaada nitumie namba inboksi. Kuna uzio?

Mtu_wa_Msaada

Uzio upo, geti la bati. Nikutumie video?

Mpangaji_Ilazo

Usikubali video. Nenda na futi kamba.

Bando_Limekata

Na maji yanatoka mara ngapi kwa wiki huko?