Children of Blood and Bone: cha pili kimeniangusha, niendelee na cha tatu au nihamie kwingine?

Kurasa_Mia:
Wakuu habari zenu, humu kuna spoila nyingi, ambaye hajasoma viwili vya kwanza apite tu.

Nimetoka kumaliza Children of Virtue and Vengeance, kile cha pili cha Tomi Adeyemi kilichotoka 2019, na roho inaniuma kweli manake cha kwanza cha 2018 nilikipenda mno. Kile kilikuwa mbio mwanzo mwisho, Zélie na kaka yake Tzain na Amari aliyetoroka ikulu wanahangaika kurudisha uchawi kwenye nchi yao ya Orïsha, nyuma yao Inan mtoto wa mfalme, kaka yake Amari, anawawinda huku uchawi unamwamkia mwilini mwake mwenyewe, anaificha siri hiyo kwa kuibana mkononi ile kete ya mchezo ya baba yake. Unamchukia halafu unamwonea huruma ukurasa huohuo.

Sasa cha pili. Uchawi umerudi lakini umewarudia mpaka maadui, wakubwa wa ikulu nao wanao, wanaitwa tîtán. Wazo zuri kabisa! Ila stori haitembei. Zélie na Amari wanagombana wanapatana, likitokea neno moja wanagombana tena, na ugomvi wenyewe wangekaa chini wakaongea vizuri ungeisha. Inan anataka amani, mama yake Nehanda anavuruga, anataka amani tena, anavurugiwa tena. Nilifika katikati nikawa najua sura inayofuata itaishaje kabla sijaifungua.

Naona njia tatu: nimalizie na Children of Anguish and Anarchy ya 2024, au nihamie Akata Witch ya Nnedi Okorafor, au Six of Crows ya Leigh Bardugo. Mliosoma nisaidieni, na msiniambie tu kipi kitamu, nataka kujua huko kitabu cha pili kinasimamaje.

Mwana_wa_Wino:
Mkuu pole, ila mi nakitetea kidogo. Zélie kafiwa na baba yake, Amari kamuua wa kwake kwa mkono wake, hao watu wawili ulitaka waongee vizuri saa ngapi? Kwangu Amari ndiye aliyebeba kitabu kizima, anakitaka kiti cha enzi kwa nia njema kabisa na kila hatua anazidi kufanana na huyohuyo baba yake, mfalme Saran, bila kujiona. Hiyo iliniogopesha kuliko vita yenyewe.

Kurasa_Mia:
Hapo kwa Amari nakubali kabisa. Na msiba nauelewa, tatizo langu ni kwamba msiba unatajwa tu kila sura lakini haumpeleki Zélie popote, analia analipuka anarudi palepale.

Zuhura_Msomaji:
Dada kama kilio chako ni hicho nenda Six of Crows, ni viwili tu, 2015 na 2016, vimekwisha. Kaz na genge lake wanapewa kazi na tajiri Van Eck, mwisho wa cha kwanza anawageuka, hela hawapewi na mwenzao Inej anatekwa, kwa hiyo Crooked Kingdom kazi inageuka kabisa: mwanzo walikuwa wanavamia ngome ya watu nchi ya mbali, sasa wanawindwa kwenye mji wao wenyewe. Halafu mwangalie Nina, mwenzao mwenye uchawi. Alikula jurda parem, dawa ya kulevya inayozidisha uchawi, ili awaokoe wenzake, na cha pili hakimsamehe, anateseka na uraibu, na nguvu yake haiko ile aliyoizoea, zamani alikuwa anacheza na mapigo ya moyo ya walio hai, sasa wanaomtii ni wafu. Aliyoyafanya kitabu cha kwanza anayalipia mwilini. Huo ndio mwendelezo ninaoujua mimi.

Fanusi77:
Naunga mkono hoja, ila kama anachotaka ni uchawi wenye asili ya kwetu Afrika basi Ketterdam, huo mji wa kina Kaz, hatauona. Akata Witch ni ya 2011 na Akata Warrior ikaja 2017, na huo muda unauona kwenye kazi. Kwenye hicho cha pili kuna sehemu Sunny, binti mhusika mkuu, anavunja sheria, anatumia uchawi kuwatisha wahuni wa chuoni wanaomtesa kaka yake. Sababu yake ni nzuri kabisa, msomaji uko upande wake, lakini adhabu iko palepale, anafungiwa chini ya maktaba kwenye giza na jini humohumo. Nilisoma nimebana pumzi. Tena anatenganishwa na Anyanwu, ile sura yake ya roho, na unaona mtoto anavyojifunza upya yeye ni nani. Cha tatu, Akata Woman, kilitoka 2022 kwa hiyo hutabaki unaning'inia.

Mwana_wa_Wino:
Na kuhusu cha tatu cha Adeyemi, nimekisoma. Kumbuka cha pili kinaishia Zélie anaamka mateka melini, basi cha tatu kinaanzia hukohuko, adui mpya anaitwa Mfalme Baldyr na watu wake wa Mafuvu, na safari inatoka nje ya Orïsha. Kasi imerudi kweli, sura fupifupi. Ila ile vita ya maji, yaani watu wa uchawi kina Zélie, na ikulu iliyotutesa kurasa zote zile inawekwa pembeni, usitegemee utajibiwa kila kitu. Kama unampenda Zélie soma. Kama ulikuwa unaisubiri hesabu ya Orïsha ifungwe, hapo utaumia mara ya pili.

Kurasa_Mia:
Dah, mi nilikuwa naisubiri hiyo hesabu hasa. Basi naanza na Sunny, ile ya kufungiwa chini ya maktaba imeshanishika, nikitoka huko nawafuata kina Kaz. Cha tatu nakiacha kwanza hadi hasira zipoe. Fanusi77 swali moja: Akata Witch yenyewe inachelewa kuchanganya au inakushika mapema?

Fanusi77:
Mapema mno. Sura za mwanzo tu Sunny anaangalia mshumaa anauona mwisho wa dunia, kuanzia hapo hutakiweka chini.