Mjadala: kelele za wateja zifutwe kwa rekodi ya laivu ama ziachwe?

Omera, hii kitu tuiongelee vizuri. Kuna watatu hapa Kisumu, piano, besi na drams, wanapiga jazi kwa hoteli moja Milimani, sasa wanataka kutoa albamu ya laivu na meneja wao anasema ikisharekodiwa itapitishwa kwa programu ya kutoa kelele, glasi, vicheko, weita akiitwa, kila kitu. Mimi nakataa.

Skizeni ile rekodi ya laivu ya mpiga piano wa jazi Bill Evans, klabu ya Village Vanguard huko New York, Jumapili 25 Juni 1961, Scott LaFaro kwa besi na Paul Motian kwa drams. Walipiga seti tano, mchana mpaka usiku, na watu wanakunywa tu na kupiga stori, unaskia glasi zikigongana na mtu anacheka juu ya wimbo wa pole kabisa. Hata stima iliwasumbua, teki ya kwanza (yaani kurekodi mara ya kwanza) ya wimbo wa Gloria's Step imekatika katikati (kumbe si sisi pekee) na 2005 ikatolewa hivyo hivyo. LaFaro alikufa kwa ajali ya gari siku 11 baadaye, miaka 25 tu. Wale wa meza za nyuma hawakujua wanaskiza nini, na hiyo ndio hunimaliza. Ukiwafuta, si basi ungeenda tu studio?

Mteja wa Milimani: Kaka, wacha kusifu utovu wa adabu. Mtu amelipa getini aje aongee kwa simu wakati besi iko na solo, na wewe unaita hiyo utamu? Mpiga piano Keith Jarrett alikuwa anasimamisha shoo watu wakikohoa, na watu bado walinunua tiketi.

Fundi wa saundi, Kondele: Mnabishana na mambo ya roho, mimi niwaambie ya waya. Mpiga drams akitumia brashi, ile shhh yake na mlio wa glasi ziko pale pale kwa sauti nyembamba za juu. Programu haijui hii ni glasi na hii ni sahani ya ngoma, inakula zote, halafu drams zinaskika kama ziko chini ya maji. Nimejaribu. Dawa ni kupanga maiki karibu na kusogeza meza za wanywaji mbali, mapema, sio kuosha baadaye.

Mwenye mada: Wewe mteja, Jarrett alipiga kumbi za konsati, hii ni hoteli watu wanakula samaki! Mpiga piano Ahmad Jamal alirekodi albamu ya laivu kwa lounji ya hoteli Chicago, Januari 1958, ikakaa kwa chati za Marekani zaidi ya wiki 100. Meza nakubali zisogezwe. Lakini zisitolewe.

Mteja wa Milimani: Zisogezwe mpaka parking, na wa simu aende nazo.